Kiti cha Pili cha Basile

Mume wangu Basile alikuwa akidharau watu waziwazi, mchana kweupe, mbele ya nyuso zao, na aliita tabia hiyo kusema ukweli. Jirani akiezeka bati jipya, Basile alisema bati lile linafaa kufunikia kuku. Mwalimu wa watoto wetu alikuwa, kwa maneno yake, mtu aliyekosa kazi akapewa chaki. Madereva wa moto, zile pikipiki za kubeba abiria, ndio aliowachukia zaidi. Wakipita mbele ya parsele yetu, kiwanja chetu hapa Rugenge mjini Uvira, wakapiga honi, yeye alitema mate kando, tena alihakikisha wameona.

Nilimvumilia miaka mingi. Dharau yake ilikuwa inaelekea nje, na mtu aliye ndani ya nyumba haumizwi na mvua inayopiga ukuta.

Zamani alifanya kazi katika mradi wa mambo ya maji, akizunguka na jeep kutoka mlimani Mulenge mpaka ufukweni. Mradi ulipofungwa, jeep ilirudi ilikotoka na Basile akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo alikataa kupanda moto. Alisema hawezi kubebwa nyuma ya mtu kama mfuko wa mihogo. Kama safari ilikuwa ndefu kuliko miguu yake, basi safari ile ilikuwa haina maana, na walioifanya walikuwa wajinga.

Halafu siku moja alirudi kutoka kwenye nyumba ya fotokopi amebeba karatasi nyingi ndani ya plastiki. Aliondoa sahani za watoto mezani kabla hawajamaliza kula, akatandika karatasi zake. Ilikuwa michoro ya kigari kidogo cha kujitengenezea nyumbani: magurudumu manne, mwili wa mabomba ya chuma, injini nyuma, viti viwili mbele, cha kupita kwenye matope na mawe pasipopita gari. Alikuwa ameipata kwenye intaneti. Alituonyesha kila ukurasa kwa kidole, mimi na watoto na mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu mradi ufungwe sauti yake ilikuwa haina sumu.

Mama yake, Mama Élisabeth, alikuwa akiishi nasi tangu mto Mulongwe ulipobeba nyumba yake. Usiku ule wa mafuriko alianguka, nyonga ikavunjika, na mfupa ulipona vibaya. Alitembea kwa fimbo, polepole, kutoka chumbani mpaka jikoni na kutoka jikoni mpaka mlangoni. Alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake Célestine, anayelima mpunga Nyakabere, kule kwenye bonde la Ruzizi. Walikuwa wakitumiana salamu kupitia kwa wanawake wanaoleta mchele sokoni. Gari za Sange zinakushusha kwenye barabara kubwa, na kutoka pale mpaka kijijini ni matope na mifereji ya mashamba. Mguu wa Mama haukuweza. Mara moja alijaribu kwenda kwa moto, ameketi upande. Alirudishwa nyumbani kabla hajafika hata Kavimvira, pembeni ya mji, analia kwa maumivu, na hakutaka tena.

Kwa hiyo Basile alipohitaji mahali pakavu pa kufanyia kazi, alijua amwambie nani nini. Mahali pakavu pekee palikuwa jiko la nje, ambalo Mama alijengewa na kaka zake, kabla hawajafariki, kwa matofali yaliyookolewa kwenye nyumba yake. Lilikuwa kitu chake pekee katika parsele ile.

Basile alimwambia, "Mama, unipatie jiko. Kiti ya pili iko yako. Nitakupeleka kwa Mama Mudogo mpaka mu mulango."

Mama alitoa sufuria zake siku ileile. Basile akamketisha kwenye kiti cha plastiki, akampima miguu na mgongo kwa utepe wa fundi nguo, akaandika vipimo pembeni ya mchoro. Alifanya kiti kile kiwe juu kidogo kuliko cha dereva ili nyonga isijikunje. Mama alisimulia habari ya vipimo vile kwa kila mgeni, kwa miezi.

Miezi ile tulipika chini ya turubai. Mvua ilipokuja, moshi ulituingia machoni na maji yaliingia kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mama alikaa pale na fimbo yake, akipepea makaa, na nikilalamika aliniambia nivumilie. Ndani ya jiko lake, Basile alikuwa anakunja mabomba.

Sitamnyima haki yake: mikono yake ilikuwa mizuri. Fundi wa kwanza wa kuchomelea vyuma, Basile alimfukuza, akamwita mfinyanzi. Wa pili alidumu kwa sababu hakusikia vizuri. Lakini mwili wa kigari ulitoka umenyooka kama kwenye mchoro. Injini aliitoa kwenye moto iliyoanguka mlimani, akaifungua yote juu ya meza yangu, akaisafisha kwa petroli, akaifunga tena, na iliwaka. Watu wa mtaa walianza kuchungulia mlangoni. Wengine walikuja kwa nia njema kabisa, kusema hongera. Basile aliwauliza kama wanajua kusoma mchoro. Wakisema hapana, aliwaambia basi hongera yao haina uzito.

Mahali pamoja aliuacha mchoro. Karatasi ilionyesha mdomo wa kuvutia hewa ya injini ukiwekwa juu, nyuma ya vichwa vya abiria, mbali na maji na vumbi. Basile aliushusha chini, karibu na mnyororo, kwa sababu pale juu alitaka kuweka kibao. Kibao kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi nyekundu na maandishi meupe: INGÉNIEUR BASILE. Basile si injinia. Alisoma mambo ya biashara katika shule ya sekondari, na mtihani wa mwisho aliupita mara ya pili. Nilimuuliza tu kama maji hayataingia.

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama madereva wa moto. "Weye unauzaka bikwembe," alisema. "Uza bikwembe."

Kweli, nauza vikwembe, vitenge vya wanawake, sokoni. Vikwembe hivyo ndivyo vilivyolisha nyumba tangu jeep iondoke. Lakini siku ile nilijua dharau imevuka ukuta na kuingia ndani, na nilianza kumtazama mume wangu kama anavyotazamwa na majirani.

Hata hivyo, alipokitoa kigari kwa mara ya kwanza, nilifurahi, na siwezi kudanganya. Ilikuwa mchana wa Jumapili. Tulikisukuma mpaka kwenye mchanga wa ziwa, akaniambia nipande nijaribu uzito. Niliketi kwenye kiti cha Mama, kilichotengenezwa kwa mgongo wake, akanifunga mkanda. Tulikimbia kando ya maji, magurudumu yakirusha mchanga, wavuvi waliokuwa wakianika ndagala wakisimama kututazama, milima ya Burundi ng'ambo ikirukaruka mbele ya macho yangu. Nilicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikapeperuka. Basile naye alicheka, akasimama, akakirudia kwa miguu. Jioni nilimwambia Mama kiti chake ni kizuri na mgongo wake hautauma. Aliniuliza kama upepo unapiga usoni. Nikamwambia unapiga.

Wiki ile habari ilifika kutoka Nyakabere. Macho ya Célestine, yaliyokuwa na utando, yalikuwa yanazidi kufunga. Alituma neno kwamba anaona bado kivuli cha mtu na rangi ya nguo, na anaomba dada yake aje kabla hata hicho hakijazimika. Basile alisema Jumamosi. Mama aliniomba nimchagulie kikwembe cha rangi kali, kwa ajili ya macho ya mdogo wake. Nilimpa cha manjano chenye maua mekundu, kikubwa, kutoka kwenye mzigo wangu mpya. Alifunga ndagala kavu kwenye karatasi, na sabuni, na chumvi.

Jumamosi asubuhi alikuwa ameketi mlangoni amevaa, kifurushi mapajani, fimbo kati ya magoti, kabla sisi wengine hatujanywa chai.

Basile alikuwa ametoka mapema, amesema anakwenda kutafuta mafuta. Alirudi na mafuta, na pamoja naye alikuwa msichana anayeitwa Chérie, anayetangaza kipindi kwenye redio moja ya hapa mjini. Alikuwa na suruali nyeupe na simu mbili. Basile alikuwa amemwambia kwamba leo kigari kitajaribiwa kwenye bonde, na kwamba akikipiga video kikipita kwenye mifereji, mashirika yataona, na wakubwa wataona, na kazi itakuja. Alimfungulia mkanda wa kiti cha pili mbele yetu.

Nilisogea karibu naye ili nisiseme kwa sauti. Nikamwambia, "Mama amekwisha kuvala."

"Basi atavala tena," alisema. Halafu, bila kumtazama mama yake sawasawa, akamwambia, "Mama, utaenda safari ingine. Leo iko presse ya redio."

Chérie alisimama, mguu mmoja ndani ya kigari. Aliuliza kama kuna shida, kama yule mama alikuwa asafiri. Basile alimwambia hakuna shida, mama ni mtu wa nyumbani, anaelewa. Msichana aliketi. Simlaumu sana, alidanganywa kama sisi.

Mama alitazama kigari kikitoka, kibao chekundu nyuma kikienda kinapungua, mpaka kikapinda. Nilifikiri atarudi chumbani kuvua. Nilijitayarisha kumfariji, na maneno niliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kipumbavu.

"Mama Victoire," aliniita, kwa jina la mtoto wangu mkubwa kama alivyozoea, "ita moto."

Nilimkumbusha nyonga. Alisema nyonga ni yake. Nikatoka barabarani nikamsimamisha Héritier, kijana mwenye mke na watoto wawili, ambaye Basile alikuwa amemtemea mate kando zaidi ya mara moja. Nilimweleza. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, tukalifunga na kamba, tukamketisha Mama upande. Nilipanda moto nyingine nyuma yao, na kifurushi.

Tulikwenda polepole mno. Kila shimo nililiona kwenye mgongo wa Mama; alikuwa anajikaza, kikwembe cha manjano kikitetemeka, lakini hakuomba wasimame. Mbele ya Kiliba tulisikia honi nyuma yetu. Ilikuwa Basile. Alikuwa amekaa muda kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, akiwaonyesha askari kigari chake, nasi tulikuwa tumempita bila kumwona. Sasa alitupita kwa kasi, vumbi likatumwagikia. Najua alimwona mama yake, maana hakuna aliyeweza kukosa kuona rangi ile. Alipiga honi mara nyingine, kwa furaha, kama mtu anayeaga marafiki, akaendelea.

Nilimtazama Mama akijipangusa vumbi mdomoni. Héritier alipunguza mwendo mpaka vumbi likatulia.

Tulipotoka kwenye barabara kubwa na kuingia njia ya Nyakabere, mvua ya siku zile ilikuwa imeacha matope mekundu mpaka kwenye vifundo. Moto zilipita pembeni, kwenye nyasi. Tulifika kwenye mfereji mpana unaopeleka maji mashambani. Watu wa kijiji wanauvukia juu kidogo, ambapo mbao zimelazwa. Basile hakuvukia kwenye mbao. Tuliambiwa baadaye kwamba alikuwa amemwomba Chérie ashuke na kupiga video ya kwanza ya kigari kikiwa ukingoni, halafu apande tena wavuke pamoja, na alikuwa ameuingia mfereji kwa kasi, ili maji yaruke vizuri.

Maji yaliruka. Yaliruka mpaka kwenye ule mdomo wa hewa alioushusha, injini ikayavuta, ikakohoa, ikafa. Kigari kilikuwa kimesimama katikati, maji yakipita juu ya miguu yao. Chérie alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha pili, simu zote mbili ameziinua juu ya kichwa, suruali nyeupe imekuwa ya rangi ya udongo. Ukingoni walisimama wakulima na majembe yao. Hakuna aliyekuwa akicheka kwa sauti. Walikuwa wakimtazama Basile tu, kwa utulivu, na Basile alikuwa akiwaita wavivu na watu wa porini, akiwaamuru washuke.

Halafu alituona. Uso wake ulifunguka kama wa mtoto.

"Mama!" aliita. "Ambia hawa batu bakuje basukume. Weye beko banakujua."

Ilikuwa kweli. Mama alizaliwa pale. Wazee wawili kati ya wale wakulima walimwita kwa jina lake la usichana mara tu walipoona uso wake. Angesema neno moja wangeingia majini. Alimgusa Héritier begani, moto ikasimama. Alimtazama mwanawe, kibao chekundu, na msichana aliyelowa.

"Kiti yangu iko na muntu ndani," alisema. "Huyo asukume."

Aliwasalimia wale wazee kwa Kifuliiru, akawauliza habari za wake zao, wakamsalimia. Héritier alianza kucheka, mabega yakimtikisika. Mama alimpiga kidogo kwa fimbo kwenye mguu. "Usicheke," alimwambia. "Huyu si wako." Tukavuka kwenye mbao.

Célestine alikuwa ameketi nje ya nyumba yake. Aliinua uso aliposikia moto. Mama alishushwa na mimi na madereva wote wawili, akatembea peke yake hatua zilizobaki, akasimama karibu sana mbele ya mdogo wake na kumwacha atazame. Célestine alishika kikwembe kwa vidole, akasema, "Manjano." Kisha akapanda na mikono mpaka usoni kwa dada yake, na wote wawili walikaa vile muda mrefu, bila kulia. Héritier aligeuka akaenda kuosha moto yake ambayo haikuhitaji kuoshwa.

Basile alifika mchana, tumekwisha kula. Alikuja kwa miguu, matope mpaka kiunoni. Wakulima walikuwa wamemtoa mwishowe, kwa kutumia ng'ombe wawili, baada ya Chérie kuwaomba kwa adabu. Msichana yule alikuwa amepata moto akarudi mjini. Baadaye alinitumia ujumbe wa kuomba radhi, na redio yake haikusema lolote juu ya injinia yeyote.

Nilingojea Mama amtukane. Basile pia alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameinua kidevu, majibu yote tayari mdomoni. Lakini Mama aliinuka kwa shida, akamletea kiti. Kisha akaleta birika na beseni, na kwa mikono miwili, kama tunavyomfanyia mtu aliyetoka mbali tusiyemfahamu, akammiminia maji mikononi.

"Karibu, Monsieur," alimwambia. "Umetoka mbali?"

Basile alifikiri ni mchezo. Alisema, "Mama, acha." Mama alimwekea bugali na ndagala, akachagua samaki wazuri, akamwambia ajisikie nyumbani, akaomba radhi kwamba chumvi imezidi. Kila alichokisema kilikuwa cha adabu. Alimuuliza kama ana watoto. Célestine, ambaye haoni vizuri, alikuwa ameshika magoti yake na kugeuzia uso upande mwingine. Basile alimeza matonge mawili, akasukuma sahani.

Jioni Mama aliniambia atabaki Nyakabere. Mdogo wake anahitaji macho, na yeye anahitaji miguu, watagawana. Sikumpinga. Nilirudi Uvira na mume wangu, sote wawili nyuma ya Héritier kwenye moto moja, Basile katikati, amebanwa, magoti yake yakigusa ya dereva. Hakutema mate njia nzima.

Kigari, kilichovutwa na wale ng'ombe, kilibaki kwenye uwanja wa Célestine. Basile alisema atakwenda kukitengeneza, hakwenda. Aliogopa wale watu wa mfereji, ingawa alisema ni kazi zimemzidi. Watoto wa kijiji waling'oa kibao. Vijana wa shamba walifungua injini, wakaikausha, wakainua mdomo wa hewa juu kwa bomba la plastiki, na msimu wa mavuno kilibeba magunia ya mchele mpaka barabara kubwa. Hakuna aliyewaelekeza, na hakuna aliyejisifu.

Basile alikwenda kwa mama yake mara moja tu. Alipanda moto, akavaa shati jeupe, akabeba sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, na aliniomba niende naye. Alipiga magoti mlangoni, mbele ya Célestine na majirani, akasema amekosa. Alisema vizuri, nilisikia anamaanisha. Mama alimwinua, akamshukuru kwa sukari, akasema Mungu ambariki kwa kukumbuka wazee wasio wake.

"Karibu tena, Monsieur," alisema, "ukipita huku."

Tuliporudi kwenye barabara kubwa kungojea gari, Basile aliketi juu ya jiwe akafunika uso kwa mikono, akalia mbele ya wauza nyanya. Nilisimama karibu naye. Nilijaribu kumhurumia. Nilitafuta ndani yangu kwa bidii, kama unavyotafuta ufunguo kwenye mfuko uliojaa, kwa sababu ni mume wangu na baba wa watoto wangu, na kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Huruma haikuja. Gari la Sange lilitokea, nikanyanyua mkono kulisimamisha, nikamwambia apande.